Waliosamehe bila kusahau

Padri Ubald Rugirangoga alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipouawa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mauaji ya Watutsi yaliyotangulia yale ambayo dunia nzima inayajua. Alikulia Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, upande wa Ziwa Kivu. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walipofukuzwa mashuleni, alikimbilia Burundi, akaendelea na masomo huko, akarudi kwao na kupewa daraja la upadri mwaka 1984. Miaka 10 baadaye, katika mauaji ya kimbari ya 1994, aliuawa mama yake, na pamoja naye ndugu zaidi ya 80 wa ukoo wao. Waumini wake waliokufa walikuwa maelfu. Na miongoni mwa walioshika mapanga walikuwamo waumini wa kanisa lake hilohilo, watu waliobatizwa na kufungishwa ndoa humo, watu waliozoea kupiga magoti kupokea Komunyo.

Padri huyo alinusurika kwa kukimbia. Alifika Ulaya, na huko Lourdes, Ufaransa, akiwa katika sala ya Njia ya Msalaba, alisikia moyoni akiambiwa auchukue msalaba wake. Hivyo ndivyo alivyosimulia mara nyingi mwenyewe. Alirudi Rwanda. Miaka ikapita, akakutana gerezani na mtu aliyehusika na kifo cha mama yake. Mtu yule akaomba msamaha, naye akampa. Kisha akagundua kwamba watoto wa mfungwa yule hawakuwa na wa kuwalipia ada, akawalipia yeye.

Habari hii imehubiriwa sana, na mara nyingi imehubiriwa nusu. Mhubiri huanzia gerezani, kwenye kukumbatiana, akamalizia na swali kwa waliokaa mbele yake: kama huyu aliweza, wewe unashindwa nini na mjomba wako aliyekudhulumu shamba? Kwenye viti pale ameketi mwanamke aliyenajisiwa akiwa na miaka tisa na mtu ambaye bado anakuja nyumbani kwao sikukuu. Anainamisha kichwa. Anaondoka kanisani na mizigo miwili, ule aliokuja nao na huu mpya wa kuambiwa kwamba maumivu yake ni ukaidi.

Kilichoachwa nje ya mahubiri ya namna hiyo ni miaka iliyopita kati ya Lourdes na gereza. Padri Ubald hakusamehe wiki ile ya mauaji. Alilia, aliuguza jeraha lake, aliomba, alipambana na hasira yake mwenyewe. Mchungaji Antoine Rutayisire, Mnyarwanda wa Kanisa la Anglikana ambaye baba yake aliuawa yeye akiwa na umri wa miaka mitano, naye ametoa ushuhuda wa aina hiyo. Alikuwa amekwisha kupambana na chuki yake na kusamehe kabla ya 1994, kisha 1994 ikaja, na kazi ile ikabidi ianze upya. Wanaosema kwa kujua, waliopita humo kwa miguu yao, hawazungumzii msamaha kama mlango unaoupita mara moja ukaufunga nyuma yako.

Usemi wa "samehe na usahau" tumeuzoea mpaka tunaudhania kuwa aya. Haumo katika Biblia. Kilichomo, kwa nabii Yeremia, ni Mungu kuahidi kwamba hatazikumbuka tena dhambi za watu wake, na ahadi hiyo anapewa mkosaji aliyetubu. Haikugeuzwa popote kuwa amri kwa aliyetendwa ubaya. Tena Maandiko yanatupa mtu aliyejaribu kusahau, na yanatuonyesha yaliyomkuta. Yusufu, akiwa mkubwa Misri, alimpa mwanawe wa kwanza jina Manase, akieleza kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba ya baba yake. Cheo alikuwa nacho, mke anaye, ghala zimejaa. Halafu ndugu zake wakaja kununua nafaka. Soma Mwanzo kuanzia sura ya 42 ukihesabu machozi. Anajitenga anakwenda kulia. Anaingia chumbani analia, ananawa uso, anarudi mezani. Anapojitambulisha kwao analia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao inasikia. Hata baba yao alipokwisha kuzikwa, miaka mingi baadaye, ndugu wanapotuma tena maneno ya kuomba radhi, Yusufu analia tena. Aliyedhani amesahau alikuwa hajaanza kupona. Uponyaji wake ulianza siku kuuzwa kwake Misri na ndugu zake kulipozungumzwa waziwazi, na wale waliomuuza wakiwapo.

Wataalamu wa afya ya akili wanalieleza jambo hilo kwa lugha yao. Tukio la kawaida tunalikumbuka likiwa na mwanzo na mwisho, na tunajua limepita. Tukio la kutisha hurudi vipandevipande: harufu ya moshi, mlio wa filimbi, mlango unaobamizwa. Mwili haujui kwamba ni zamani. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, mtu mzima anajikuta amejikunyata chini ya meza. Nchini Rwanda kila Aprili, kipindi cha maombolezo kinachoanza tarehe 7, wapo watu wanaoanguka na kupiga kelele katikati ya kumbukumbu, wakitaja walioko nyuma yao kana kwamba wanafukuzwa sasa hivi, na wahudumu hukaa tayari kuwabeba na kuwatuliza. Mtu wa hali hiyo ukimwambia asahau, unamwagiza afanye kitu ambacho hakiko mikononi mwake. Kinachosaidia ni kuvikusanya vile vipande, taratibu, mbele ya msikilizaji asiye na haraka, mpaka viwe habari yenye mwanzo na mwisho.

Hapo ndipo kazi ya daktari mmoja wa Wales, Rhiannon Lloyd, aliyefika Rwanda mara baada ya mauaji, inaponigusa sana. Alikuwa amesomea magonjwa ya akili, na alikuwa Mkristo. Semina alizoziendesha na viongozi wa makanisa, Wahutu na Watutsi chumba kimoja, hazikuanza na msamaha. Zilianza na swali ambalo wengi walikuwa nalo tumboni bila kuthubutu kulisema kanisani: Mungu alikuwa wapi?

Baadaye kila mmoja hupewa karatasi na kalamu. Anaandika jambo lililomuumiza kuliko yote, kwa lugha yake, bila kupambapamba. Wanakaa vikundi vidogo, watu wawili au watatu, kila mmoja anasimulia. Wenzake kazi yao ni kusikiliza, bila ushauri, bila aya ya Biblia, bila "na mimi yalinikuta." Kisha wote wanarudi chumba kikubwa. Sakafuni umelazwa msalaba wa mbao, mbao nene hasa, na pembeni yake nyundo na misumari. Mmojammoja anapiga magoti, anaikunja karatasi yake, anaigongomelea. Ukumbi mzima unasikia kila pigo. Wapo wanaopiga mara moja, wapo wanaopiga na kupiga mpaka msumari umezama wote. Wakimaliza wanauchukua msalaba nje, wanazichomoa karatasi na kuzichoma moto. Baada ya hapo, na si kabla, ndipo hualikwa kusimulia mema waliyoyaona katikati ya maovu: jirani aliyewaficha darini, mtu asiyewajua aliyewapa maji.

Karatasi inaungua, kumbukumbu haiungui, na hakuna mwendesha semina makini anayedai vinginevyo. Kinachotendeka ni kingine. Isaya 53 inamtaja Mtumishi aliyebeba huzuni na masikitiko ya watu, si makosa yao peke yake. Sisi tumeihubiri nusu ya pili tukaisahau ya kwanza. Msalaba katika makanisa yetu umekuwa wa mwenye dhambi tu. Aje aliyezini, aje mlevi, aje mwizi, atapata nafasi mbele. Aliyeziniwa kwa nguvu, mtoto wa mlevi, aliyeibiwa utoto wake, hao wakija mbele tunawauliza wanatubu nini. Semina zile zinampa aliyetendwa mahali pake chini ya msalaba uleule, akiwa na kilio chake badala ya toba. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa ambalo Wakristo wa Maziwa Makuu wamewafundisha wenzao katika miaka hii 30.

Na kilio kimo katika kitabu chetu. Zaidi ya theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Zaburi ya 88 inaanza katika shida na inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa ushindi mwishoni, nayo iliachwa katika Maandiko hivyohivyo. Linganisha na vipindi vyetu vya ushuhuda. Mtu anapewa maikrofoni kwa dakika tatu, na kila mtu ukumbini anajua pa kumalizia: "lakini Bwana amenishindia!" Asiye na "lakini" hapewi maikrofoni. Kitabu kimoja cha mafunzo kilichoandaliwa na wataalamu wa tafsiri ya Biblia, kina Margaret na Harriet Hill na wenzao, na kuchapishwa Nairobi mwaka 2004, kinawafundisha viongozi wa makanisa kuwasaidia waumini watunge zaburi zao wenyewe za maombolezo, za kumlalamikia Mungu. Kazi hiyo imesambazwa na vyama vya Biblia nchi nyingi. Nimewahi kuona mzee wa kanisa, mtu wa makamo anayeheshimika, akishika kalamu kwa zoezi hilo na kukaa muda mrefu bila kuandika. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa.

Burundi nayo ina yake. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanajeshi walivamia chuo kidogo cha wachungaji wa Kanisa la Marafiki huko Kwibuka na kuwaua wanafunzi wanane. Mwalimu wao, Mchungaji David Niyonzima, alinusurika kwa kujificha. Baadaye alikutana ana kwa ana na mmoja wa waliohusika, akamwambia amemsamehe. Asingefanya zaidi ya hapo tungemsifu. Alifanya zaidi: alikwenda kusomea unasihi, na mwaka 2000 akaanzisha THARS, taasisi ya uponyaji wa kiwewe na upatanisho. Aligundua kwamba msamaha alioutoa haukuziondoa ndoto za usiku, wala haukuwasaidia wajane wa vijiji vya jirani, na kwamba huruma bila ujuzi inaweza kumuumiza anayesaidiwa.

Marafiki haohao, Wakweka kama wengi wanavyowaita, walianzisha Rwanda na Burundi mwaka 2003 mafunzo ya siku tatu yanayojulikana kwa kifupi cha HROC. Wanaitwa watu kama 20, nusu walionusurika na nusu kutoka upande wa walioua au familia zao. Kuna zoezi moja la siku ya mwisho. Wanapangwa wawiliwawili, mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamshika mkono na kumwongoza nje, kwenye ngazi, kwenye mawe, kupita miti, kisha wanabadilishana. Fikiria wawili hao ni nani. Fikiria aliyefungwa macho alipoteza mume kwa watu wa ukoo wa huyu anayemwambia, "inua mguu, kuna jiwe." Mafunzo hayo yalipelekwa pia magharibi mwa Kenya baada ya machafuko ya uchaguzi, yale ambayo tarehe 1 Januari 2008 yaliteketeza kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo.

Kiambaa inanirudisha kwenye jambo ambalo makala ya namna hii haiwezi kulikwepa. Nchini Rwanda, waliokimbilia makanisani walifuatwa humohumo. Katika kanisa la Nyamata, ambalo leo ni makumbusho, nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi waliyokuwa wakisalia. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, mwaka 2003, na padri Mkatoliki, Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwa ndani. Mwaka 2008 rufaa yake iliishia kifungo cha maisha. Na hii ni nchi ambako, Gahini, katika miaka ya 1930, moto wa Uamsho uliwaka na kuenea mpaka Uganda, Bukoba na Kenya, watu wakikiri dhambi zao hadharani na kurudisha walivyoiba. Walikiri uongo, uzinzi na wizi. Chuki ya kabila kwa kabila haikupewa uzito huo, ikabaki imefunikwa, na kilichofunikwa kikaja kuoza.

Kwa hiyo mtu aliyeumizwa akilitilia shaka kanisa linalomwambia "njoo upone," ana sababu. Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji yale. Baadhi walisema amechelewa. Nadhani walikuwa sahihi, na bado lilikuwa jambo la lazima, kwa sababu aliyenusurika hawezi kuletewa uponyaji na mkono ambao haujakiri kilichofanywa nao. Wapo pia waliolibakiza jina la Kristo na heshima yake. Félicité Niyitegeka, Mhutu, mtumishi wa kanisa huko Gisenyi, alikuwa amewaficha Watutsi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke aokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Nirudi kwa Padri Ubald, kwa sababu kazi yake kubwa zaidi kwa maoni yangu haikuwa ile ya gerezani. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kuamua kesi zinazokaribia milioni mbili, ziliwarudisha vijijini watu wengi waliokiri. Jirani amerudi. Anachota maji pale pale. Jumapili anakuja kanisani. Afanyweje? Katika Parokia ya Mushaka, Rusizi, aliyeua hakurudishwa kwenye Komunyo kwa kuungama faraghani peke yake. Alipitia mafundisho ya miezi sita. Waliofiwa nao walikuwa na mafundisho yao, kwa kuwa safari yao ilikuwa nyingine. Mwishoni ilikuja Jumapili, Misa, parokia nzima imeketi, na yule mtu akaiomba msamaha familia aliyoiumiza mbele ya macho ya wote, kisha akapokewa tena kwenye meza ya Bwana.

Miezi sita. Hakuna aliyeitwa mbele kwa ghafla akalazimishwa kukumbatia mtu huku watu wakipiga makofi. Na sheria ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kanisa halikumficha mhalifu, lilimpokea akiwa amekwisha kuhukumiwa. Padri Ubald alifariki dunia Januari 7, 2021, mjini Salt Lake City, Marekani, kwa athari za Uviko-19, akiwa na umri wa miaka 65. Kando ya Ziwa Kivu aliacha kituo cha sala na upatanisho, Ibanga ry'Amahoro, ambako watu wanaendelea kwenda.

Huku kwetu Tanzania hatuna makaburi ya namna ile ya Rwanda, tumshukuru Mungu. Tuna majumba yenye siri. Tuna mabinti na wavulana walioumizwa na watu wa karibu, na tuna vikao vya wazee wa kanisa ambavyo husuluhisha mambo hayo kimyakimya, kwa sala na soda, ili jina la usharika lisichafuke. Mtoto anaambiwa amsamehe baba mdogo. Baba mdogo anaendelea kuimba kwaya. Nasema bila kuficha: huko si kusamehe, ni kumnyang'anya mtoto ushahidi wake. Mushaka iliweka ukweli kwanza, hukumu ikafuata, mafundisho yakaja baadaye, na mwisho kabisa ndipo watu waliposhikana mikono. Sisi tunaanzia mwisho. Mchungaji aliyesikia habari ya mtoto aliyenajisiwa ana njia ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kwenda huko ni sehemu ya uchungaji wake.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kumpeleka muumini kwa daktari wa akili ni kukiri kwamba maombi yameshindwa. Wangepanda milima ya Usambara mpaka Lutindi, Korogwe. Wamisionari walifungua pale, mwaka 1896, nyumba ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, watoto ambao kumbukumbu zao hatuwezi hata kuzikisia. Nyumba hiyo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Sala ya asubuhi na dozi ya dawa zinatolewa chini ya paa moja, na hakuna aliyeona zinagombana.

Vyuo vyetu vya teolojia vinamfundisha kijana kuhubiri kwa miaka mitatu au minne. Kumsikiliza mtu aliyeumizwa, bila kumkatiza na bila kumharakisha, nako kuna mafunzo yake, na wenzetu wa Burundi na Rwanda wamekwisha kuyaandaa na kuyajaribu katika hali ngumu kuliko zetu. Ni siku tatu, watu 20, karatasi, kalamu, na waendeshaji wawili waliofunzwa vizuri. Gharama yake haifiki ya kukodi jukwaa na vipaza sauti vya mkutano mmoja wa injili. Usharika wowote unaweza kuiweka kwenye bajeti ya mwaka ujao.